Utando, Ala na Shada: Istilahi za Kloroplasti katika Jani la Muhindi

Msemaji wa Kiswahili akiulizwa maana ya neno utando, atataja ule unaotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa, au ule wa buibui, au ule unaofunika mboni ya jicho la mzee. Fikra iliyotawala ni ya kitu chembamba kinachofunika kitu kingine. Hiyo ndiyo maana atakayokuwa nayo msikilizaji wa Sangailu, katika kaunti ya Garissa, ambako wengi hujifunza Kiswahili baada ya Kisomali, akielezwa kwamba usanisinuru hutendeka katika tando za kloroplasti. Atadhani kuwa kazi imo ndani, na utando ni ganda lake tu. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ya nuru hutendeka katika utando wenyewe.

Ni kweli kwamba shule za Kenya hufundisha sayansi kwa Kiingereza. Lakini afisa wa kilimo anayesimama mbele ya wakulima hana budi kupata maneno, na maneno hayo huja na mizigo yake. Hata usanisinuru, istilahi iliyokwisha kuzoeleka, ina utata: kwa sarufi yake yaweza kueleweka kuwa usanisi wa nuru, kana kwamba jani hutengeneza nuru, ilhali maana iliyokusudiwa ni usanisi kwa nuru.

Kloroplasti ni kiungo kidogo cha seli, chenye urefu wa kiasi cha mikromita 5 hadi 10. Hicho ndicho kinachobeba klorofili, na si vema viwili hivyo kupewa jina moja, kwa kuwa klorofili ni rangi na kloroplasti ni chombo. Chombo hicho kimezungukwa na tando mbili, na hizo kwa hakika zinastahili jina la ganda. Ndani yake mna ute uitwao stroma, neno la Kigiriki lenye maana ya tandiko. Katika ute huo umelala mfumo wa tatu wa tando, ambao mwaka 1962 mtaalamu wa Kijerumani Wilhelm Menke aliupa jina la thilakoidi, kutokana na neno la Kigiriki la mfuko. Kifuko basi kingefaa kwa Kiswahili. Mahali pengine vifuko hivi hupangwa kimoja juu ya kingine kama chapati katika sahani. Mafungu hayo huitwa grana, yaani punje kwa Kilatini. Waliyoyaita hivyo waliona vidoa tu kwa hadubini za zamani, na jina likabaki hata baada ya umbo kujulikana.

Katika utando wa vifuko ndimo klorofili iliposhikwa na protini. Nuru inapoipiga, elektroni husukumwa kutoka protini moja hadi nyingine, na maji hupasuliwa ili kufidia elektroni zilizoondoka. Oksijeni hutoka hapo. Wakati huohuo protoni hurundikana ndani ya kifuko. Kwa mfugaji, mfano wa zizi unafaa kuliko ule wa maziwa. Mbuzi wamesongamana ndani, ua hauna upenyo, na lango ni moja. Msukumo wao langoni ndio unaofanya kazi. Lango hilo ni kimeng'enya kinachozunguka protoni zinapopita na kuunda adenosini trifosfati, akiba ya nguvu ya seli. Ua ukitoboka, nuru itaendelea kumezwa bila akiba hiyo kupatikana. Peter Mitchell wa Uingereza alitoa wazo hili mwaka 1961 na kubishiwa sana. Mwaka 1966 André Jagendorf wa Marekani aliziloweka kloroplasti katika asidi, kisha akazihamishia ghafla katika alikali, nazo zikaunda adenosini trifosfati gizani. Mitchell alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Hayo ni ya mimea kwa jumla. Muhindi una lake. Jani lake lina kloroplasti za namna mbili. Zilizo katika seli za kati zina grana nyingi. Zilizo katika seli zinazozunguka mishipa karibu hazina grana kabisa, na hutoa oksijeni kidogo sana. Tofauti hii ya tando ina sababu. Kimeng'enya kinachounda sukari, rubisko, hukosea mara kwa mara kwa kunasa oksijeni badala ya kabonidayoksaidi, na joto huzidisha kosa hilo. Muhindi umekificha mahali penye oksijeni chache: seli za kati hunasa kabonidayoksaidi kwa kimeng'enya kisichodanganyika, huifunga katika asidi ya kaboni nne, kisha huipeleka mishipani, inakofunguliwa. Marshall Hatch na Roger Slack walieleza njia hii nchini Australia mwaka 1966, wakichunguza miwa.

Faida yake huonekana nchi ikikauka. Vinyweleo vya jani vikifumbwa nusu ili kuzuia maji, muhindi bado hupata kabonidayoksaidi ya kutosha. Nyasi nyingi za malisho ya nchi za joto zina mpango huohuo. Hata hivyo isidhaniwe kwamba muhindi haushindwi na ukame. Mvua zilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo, gu na deyr, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, ufundi wa tando haukuweza kuziba pengo la maji yasiyokuwapo. Na mbelewele na nywele za gunzi huathirika mapema.

Limebaki jina la seli zile zinazozunguka mishipa. Wanaoandika kwa Kijerumani, tangu Gottlieb Haberlandt katika karne ya 19, waliuona mpangilio huo kuwa shada. Kiingereza kilichagua ala, kama ala ya kisu. Ala yavutia kwa kuwa neno lipo na linajulikana, lakini lina dosari ileile ya utando: ala hufunika, haitendi. Shada halielezi kazi, ila angalau halipotoshi. Na anayekata jani la muhindi kwa upana na kulitazama kwa hadubini ataliona mara moja.