MZIGO WA MBEGU YA MUHOGO: KHATARI YAKE HUPIMWAJE?

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita mwanachama mmoja alisimama akauliza suala ambalo wengi tulikuwa nalo moyoni. Shemeji yake wa Tanga alimletea kwa mashua mzigo wa mbegu ya muhogo, miti minene, mizuri, isiyo na alama yoyote. Bandarini akaambiwa hauingii, kwa kuwa hauna kibali wala haukukaguliwa. "Batobato limo kwetu," alisema, "na michirizi ya kahawia imo kwetu. Mwizi akisha kuwa ndani, mlango hufungiwa nani?" Watu walicheka, lakini suala lile si la kuchekwa. Kwa idhini ya Kamati nalijibu hapa.

Sisi ni watu wa karafuu, lakini hatuli karafuu. Mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja, na mwaka wa pili ukapumzika. Katika mwaka huo wa pili ni muhogo, ndizi na viazi vitulishavyo. Shamba la chakula likifa, mtu huuza karafuu zingali mtini, kwa bei ya mnunuzi, ili apate unga wa watoto.

Virusi ni vijidudu vidogo mno, havionekani kwa macho wala kwa darubini ya kawaida. Mmea ukisha kuambukizwa shambani, hakuna dawa ya kupiga itakayouponya. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuvizuia mlangoni, na hiyo ndiyo karantini. Jambo hili si geni kwetu. Tangu chuoni tumesomeshwa kuwa nchi yenye tauni haingiwi, na aliyemo hatoki kuikimbia.

Wakaguzi hawakatai kila kitu. Hupima mambo matano. Je, maradhi yamo nchini, na ni ya aina ile ile? Yatapita njia gani? Yakifika, yatamkuta mdudu wa kuyaeneza? Yataleta hasara kiasi gani? Na yakisha kuingia, yaweza kung'olewa?

Tuanze na njia. Muhogo wa kupikwa si sawa na mti wa kupandwa. Wa kwanza huishia chunguni. Wa pili hutiwa ardhini ungali hai, na virusi vyake vi hai pamoja nao. Michirizi ya kahawia, ambayo mtaalamu H. H. Storey wa Amani aliieleza mwaka 1936, huenezwa na nzi weupe, lakini nzi hao hawakai na virusi hivyo muda mrefu. Safari yao ni ya shamba kwa shamba. Anayevivusha bahari ni mtu. Tena mti waweza kuwa na majani ya kupendeza, kumbe chini mizizi ina mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo. Basi kusema "mizuri, haina alama" si ushahidi.

Sasa yule mwizi wa ndani. Batobato si la aina moja. Ipo hata aina iliyopewa jina la Zanzibar. Uganda walikuwa nalo tangu zamani na wakiishi nalo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likazuka batobato kali mno, likaenea wilaya hadi wilaya, watu wakaacha kulima muhogo na njaa ikaingia. Mwaka 1997 wataalamu walieleza kuwa virusi vile vilizaliwa kwa kuchanganyika aina mbili. Kenya nako, mwaka 2011, mahindi ya Bomet yalikauka kabla ya kukomaa. Virusi vimoja, ambavyo asili yake hujulikana katika miwa, vilikuwako zamani. Vyengine vilikuwa vigeni. Vilipokutana katika mmea mmoja, mmea ukafa. Mwaka uliofuata maradhi hayo yalionekana Tanzania Bara. Basi mwizi aliye ndani huzidi nguvu akiletewa mwenzake wa nje.

Yako na maradhi ya migomba, ambayo majani hubanana juu kama shada, mgomba ukadumaa na usizae. Australia yaliingia mwaka 1913 kwa machipukizi kutoka Fiji, na baada ya miaka kumi na kidogo mashamba mengi yalikuwa yametupwa. C. J. Magee alionyesha kuwa maradhi hupita katika machipukizi na kwa kidukari wa migomba. Kilimo kile kiliokoka kwa sheria kali: kukagua, kung'oa, na kutohamisha chipukizi bila ya kibali. Leo maradhi hayo yamo Kongo, Burundi na Rwanda, na yamethibitishwa Kigoma. Kidukari wake yumo Afrika Mashariki. Mchukuzi yupo tayari. Kilichobaki ni mzigo.

Kwa hiyo Kamati inaomba haya:

1. Mtu asilete mbegu ya muhogo wala machipukizi ya migomba kutoka nje ya kisiwa bila ya kibali. Mwenye kutaka aina mpya amwone kwanza Bwana Shamba au Bibi Shamba.

2. Mbegu ichaguliwe mti ungali na majani, na majani ya chini yatazamwe vyema. Siku ya kuvuna, mizizi ikatwe itazamwe ndani. Yenye mabaka, miti yake isipandwe.

3. Mwenye kuona mgomba uliobanana majani asiung'oe kimya kimya wala kugawa machipukizi yake. Atoe khabari siku hiyo hiyo.

Mzigo wa mwenzetu ulichomwa moto mbele ya macho yake. Alisikitika, nami nilisikitika pamoja naye, kwani ulikuwa zawadi ya jamaa. Baada ya mkutano aliniambia amekwisha mpelekea shemeji yake salamu: safari nyengine alete makopa.

Wenu mtiifu,
Katibu