Muuguzi Mpya Mlangoni mwa Wodi (2): Aingie na Nini Mfukoni?

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulimsindikiza muuguzi mpya tangu chuoni, kupitia mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, hadi alipoipokea barua ya kuripoti kazini. Leo tumefika naye mlangoni mwa wodi. Sare imepigwa pasi, leseni imo ndani ya bahasha, na swali alilonalo ni lile ambalo wahitimu huniuliza kila mwaka: ninunue nini kabla ya kuanza?

Wengi hutarajia nitaje stethoskopu. Mimi huanza na saa.

Namaanisha saa ya kubana kifuani, yenye mshale wa sekunde. Hutundikwa kichwa chini, ili anayeivaa akiinamisha macho aione imekaa sawasawa. Mikono yake hubaki mitupu, bila saa wala bangili, na hivyo sabuni na maji hufika mpaka kwenye vifundo. Thamani ya chombo hiki ilijulikana zamani. Mwaka 1707 daktari Mwingereza John Floyer alichapisha kitabu kuhusu saa aliyoitumia kuhesabia mapigo ya moyo, iliyokwenda kwa dakika moja tu kisha ikasimama. Dakika hiyo moja ndiyo kipimo chetu hadi leo.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miezi 8 aliyeletwa na kikohozi. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, huyo anapumua haraka, na akiwa na kikohozi hutibiwa kama mwenye nimonia. Muuguzi wa kwanza ana foleni ndefu. Anatazama kifua kwa sekunde 15, anahesabu 12, anazidisha kwa 4, anaandika 48. Mtoto anaonekana hana nimonia, anarudishwa nyumbani. Muuguzi wa pili anasema, “Mama, mtulize kwanza mwanao, halafu mpandishe shati kidogo.” Anasubiri kilio kiishe, anashika saa yake, anahesabu dakika nzima. Anapata 52. Mtoto yule yule sasa anapewa dawa. Pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja: huenda mbio, husita, kisha huenda mbio tena, na robo dakika haitoshi kuzijua.

Saa hiyo hiyo ndiyo inayopima dripu. Daktari ameandika lita 1 ipite kwa saa 8. Mpira wa dripu uliopo hutoa matone 20 kwa mililita. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Ukigawanya unapata karibu matone 42 kwa dakika, yaani 7 kwa kila sekunde 10. Lakini pakiti isomwe kwanza, kwa sababu ipo mipira ya matone madogo inayotoa 60 kwa mililita. Asiyesoma akahesabu kama kawaida, mgonjwa wake atapata theluthi moja tu ya maji aliyoandikiwa. Kwa hiyo kikokotoo kidogo kiwe jirani na saa. Zamu ya usiku inapofika saa tisa, hata mwenye akili nyepesi ya hesabu huchanganya mafungu.

Cha pili ni kalamu na daftari la mfukoni. Kalamu ziwe zaidi ya moja, za wino usiofutika, maana faili la mgonjwa ni kumbukumbu ya kisheria. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, andika lililo sahihi, weka saini na tarehe. Usipake rangi nyeupe ya kufutia, wala usichane karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wodini mali yetu ni habari za mgonjwa: dawa iliyotolewa saa ngapi, mkojo uliopimwa kiasi gani, presha ilikuwaje kabla na baada.

Daftari la mfukoni lina kazi yake wakati wa kukabidhiana zamu. Wenzako wanapita kitanda kwa kitanda wakitaja mambo matano au sita kwa kila mgonjwa, na wagonjwa wanaweza kuwa 30. Hakuna kichwa cha kubeba yote hayo. Andika namba ya kitanda, siyo jina, kisha la kufanya na saa yake. Zamu ikiisha, ukishahamishia kila kitu kwenye faili, chana ukurasa huo na uuharibu hapo hapo hospitalini. Siri ya mgonjwa haipandi daladala.

Stethoskopu ni kitu kizuri, na mwenye uwezo anunue. Itamfaa kupimia presha na kusikiliza kifua, hasa kama wodi nzima inatumia moja. Ila ajue kwamba kitu kinachogusa vifua 20 kwa siku hubeba vijidudu kutoka kifua hadi kifua, kwa hiyo kifutwe kwa spiriti baada ya kila mgonjwa. Kipimajoto, mkasi wa ncha butu wa kukatia bendeji na tochi ndogo ya kuangalia mboni navyo visikose. Tochi hiyo itakufaa pia umeme ukikatika ukiwa umeshika kanula mkononi.

Viatu visichukuliwe kwa wepesi. Vizibe vidole na kisigino, visiteleze, na viwe vya kitu kinachooshwa kwa maji. Ndala na viatu vya matundu vinaacha mguu wazi kwa damu inayomwagika na sindano inayoanguka. Asubuhi ya zamu ya usiku utajua kama uliyemnunulia viatu ni mguu wako au macho ya watu.

Kuna kinga mbili ambazo dukani hazipatikani. Ya kwanza ni chanjo ya homa ya ini B. Hutolewa kwa dozi 3: leo, baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 6. Ianze mapema, kwa kuwa sindano iliyotumika haimngoji mtu amalize dozi. Ya pili ni kujua, tangu siku ya kwanza, dawa za kujikinga na VVU zinawekwa wapi na nani anazitoa usiku. Ukichomwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usilikamue, kisha toa taarifa mara moja. Dawa hizo zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa hupunguza nguvu yake. Zitamezwa kwa siku 28. Aibu isikuzuie. Sindano usiirudishie kifuniko, itie kwenye sanduku la usalama, na sanduku likifika robo tatu lifungwe.

Sasa neno kwa wakuu wa hospitali. Sijataja glovu, barakoa, aproni, sabuni wala hilo sanduku katika orodha ya manunuzi, na sikusahau. Hivyo ni wajibu wa mwajiri. Muuguzi anayejinunulia glovu kwa mshahara wa mwanzo atazibana matumizi, na atakayeumia ni yeye na mgonjwa anayemhudumia. Vikikosekana, muuguzi mpya aandike na amkabidhi kiongozi wa wodi, kwa adabu na bila woga.

Na kwenu wazazi na ndugu mnaotafuta zawadi ya mhitimu wenu: mnunulieni saa ya kifuani yenye mshale wa sekunde na viatu imara. Nawe mwanangu unayeanza kazi Jumatatu, ukikaa mbele ya mtoto anayekohoa, mpe dakika yake nzima.

Wiki ijayo: zamu ya kwanza ya usiku.