Ukuta wa Kitambaa Husimama kwa Ukingo Wake

Mwaka 2018 mjini Paris ilifunguliwa Atelier des Lumières, jumba la maonyesho lililowekwa ndani ya kiwanda cha zamani cha kusubu chuma. Michoro ya wasanii humulikwa na projekta kutani na sakafuni, muziki ukajaa ukumbi mzima, na mtazamaji akajikuta ndani ya picha badala ya kusimama mbele yake. Jumba lile lina kuta zake, na haziendi popote. Maonyesho ya aina hiyo yanayosafiri hayana bahati hiyo. Mwezi huu yamo katika ukumbi wa biashara, mwezi ujao yamo katika ghala la bandarini, na kuta zake sharti ziingie kwenye lori pamoja na spika na nyaya. Ndiyo maana wabunifu wengi hukimbilia kitambaa cha kuwambwa: ni chepesi, hukunjika, na hupokea mwanga vizuri. Sababu zote tatu ni za kweli, ila zote zinahusu kitambaa, na kitambaa ndicho sehemu rahisi ya kazi hii. Ugumu uko ukingoni, yaani kwenye fremu, mishono na nanga, na kiasi cha mzigo kitakachofika huko huamuliwa na umbo la ukuta. Mbunifu anayeanza na rangi na picha, akaliacha suala la ukingo hadi wiki ya mwisho, amekwisha kuamua kuwa mafundi wake watateseka katika kila mji.

Tuanze na tabia ya kitambaa chenyewe. Tofali hubeba mzigo kwa kugandamizwa. Kitambaa hakiwezi kusukuma wala kuhimili kupindwa, kinajua kuvuta tu. Chukua kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili zilizoachana mita 4, uning'inize katikati yake mzigo wa kilo 30. Kamba ikiruhusiwa kubonyea sentimita 40, kila nguzo itavutwa kwa nguvu ya kilo 75 hivi. Kaza hadi ibonyee sentimita 10 tu, na mvuto unapanda hadi kilo 300. Kwa sentimita 5 ni kilo 600, ingawa mzigo haujaongezeka hata gramu moja. Basi mteja anayetaka ukuta wa kitambaa ulionyooka kama kioo, usiotikisika mtoto akiuegemea, anaomba kitu ambacho maumbile hulipiza bei yake kwenye nguzo. Kitambaa kitabaki chepesi, lakini chuma cha kukishikilia kitakuwa kizito kiasi kwamba faida yote ya lori itakuwa imepotea.

Mtu aliyelielewa jambo hili kuliko wengi ni msanifu majengo Mjerumani Frei Otto, aliyetunukiwa tuzo ya Pritzker mwaka 2015, mwaka aliofariki. Mwaka 1955, kwenye maonyesho ya bustani mjini Kassel, aliwamba kivuli cha wanamuziki kwa turubai la pamba lenye pembe nne, mbili zimeinuliwa na mbili zimeshushwa. Alishirikiana na Peter Stromeyer, mtu wa kiwanda cha mahema, na nadhani ushirikiano huo ulimfaa kuliko maktaba yoyote. Siri ya turubai lile ni mpindo wa pande mbili: upande mmoja uso unainama kama bakuli, upande unaoukatiza unainuka kama kilima, mithili ya tandiko la farasi. Nyuzi zinazoelekea juu na zile zinazoelekea chini huvutana, kila upande ukimzuia mwenzake, na kitambaa kikawa imara bila kukazwa kupita kiasi. Otto aliyatafuta maumbo hayo kwa kuchovya fremu za waya ndani ya maji ya sabuni, kwa sababu utando wa sabuni hujipanga wenyewe hadi mvuto uwe sawa kila mahali. Siku hizi programu za kompyuta hufanya kazi hiyo, kisha hutoa vipande vya kukata. Vipande hivyo hukatwa vidogo kidogo kuliko ukuta wenyewe, kwa kuwa kitambaa kitarefuka kikivutwa, tena mtande na mshindio havirefuki kwa kiwango kimoja. Fundi asiyezingatia tofauti hiyo hupata mikunjo ambayo hakuna skrubu ya kukazia itakayoiondoa.

Hapo mtu wa picha atapinga: uso uliopinda utaipotosha michoro. Pingamizi hilo limechelewa. Katika maonyesho ya dunia ya Brussels mwaka 1958, kampuni ya Philips ilijengewa banda na Le Corbusier pamoja na Iannis Xenakis, lenye kuta zilizopinda pande mbili, na picha zikamulikwa juu ya kuta hizo huku spika zaidi ya 300 zikiusafirisha muziki wa Edgard Varèse kutoka kona hadi kona. Banda lile lilikuwa la zege, na mwaka uliofuata likabomolewa. Halikuwa na namna ya kuhama. Sasa kompyuta huipinda picha kinyume cha mpindo wa ukuta, ikaonekana sawa. Ninachokubali ni kwamba maandishi ya kusomwa yanafaa zaidi ubao ulionyooka, na kwamba kitambaa cheupe mno hurusha mwanga kutoka ukuta mmoja hadi wa pili na kuififisha picha ya jirani. Kijivu hafifu mara nyingi ni bora. Kitambaa cha kufumwa chenye mnyumbuko nacho hufungua matundu yake kadiri kinavyovutwa, na mwanga ukapotelea nyuma ya ukuta.

Pingamizi jingine ni kwamba ndani ya ukumbi hakuna upepo, basi nanga za nini? Ziko feni, iko milango mikubwa ya kupakulia mizigo, na wako watu wanaoegemea. Kumbi nyingi haziruhusu sakafu kutobolewa, kwa hiyo ukuta husimama kwa uzito wa kitako chake. Mvuto wa kilo 50 kwenye kilele cha nguzo ya mita 4, ikiwa kitako kina mkono wa mita 1, unadai kilo 200 za kuukalia mkono huo. Njia ya busara ni kuufanya ukingo uwe pete iliyofungwa, au chumba ambacho kuta zake zinavutana zenyewe kwa zenyewe, ili mvuto uishie ndani ya fremu na sakafu ibebe uzito tu. Nje, mambo ni ya kutisha zaidi. Julai 2006, mjini Chester-le-Street kaskazini mwa Uingereza, sanaa ya kujazwa hewa iitwayo Dreamspace, ambayo wageni waliingia ndani yake, ilinyanyuka na watu wakiwamo. Wanawake wawili walikufa. Suala lililofika mahakamani halikuwa uzuri wa rangi zake bali jinsi ilivyofungwa ardhini.

Kuhusu aina ya kitambaa, kosa la kawaida ni kuiga majengo ya kudumu. Mahujaji wanaoshuka Jeddah huyaona mahema makubwa 210 ya uwanja wa ndege, yaliyokamilika mwaka 1981 kwa uhandisi wa Fazlur Rahman Khan na wenzake. Ni nyuzi za kioo zilizopakwa Teflon: haziungui kirahisi na huvumilia jua kwa miongo. Lakini nyuzi za kioo hukatika zikikunjwa mara kwa mara, na ukuta wa safari hukunjwa kila baada ya wiki chache. Poliesta huvumilia zaidi. Kuhusu moto, chagua ile ambayo kinga yake imo ndani ya uzi wenyewe, kwa maana dawa ya kupulizia inaweza kutoka ukuta unapofuliwa, na utafuliwa, kwani kila mkono unaougusa huacha alama. Ukingoni hushonewa kamba inayopita ndani ya mfereji wa bomba la aluminiamu. Mashua za pwani yetu nazo hushonewa kamba kwenye kingo za tanga, kwa sababu ileile ya kuugawa mvuto badala ya kuuacha uchane pembe.

Anayependelea kuta za plaiwudi bado ana hoja. Kitambaa hakizuii sauti nzito, kwa hiyo vyumba viwili vyenye muziki tofauti vitaingiliana, na tiba yake, yaani pazia nene la pili, huongeza uzito na vumbi. Onyesho litakalokaa mji mmoja mwaka mzima lijengewe mbao au jipsamu. Kitambaa hurudisha gharama yake kwa kuhama, na gharama hiyo ni kubwa: kukokotoa umbo, kushona vipande na kutengeneza viungo ambavyo watu wawili wanaweza kuvifunga gizani nyuma ya jukwaa bila kutafuta bolti iliyopotea.