Kano Iliyochoshwa na Kazi na Namna ya Kuitibu

Katika mazungumzo ya kila siku neno mshipa limetwishwa kazi nyingi kupita kiasi, kwani hutajwa kwa mrija unaopitisha damu, kwa neva inayopeleka hisia kwenye ubongo, kwa ngiri katika baadhi ya sehemu za pwani, na pia kwa ule ugwe mweupe na mgumu unaofunga msuli kwenye mfupa. Huu wa mwisho ndio uitwao kano katika lugha ya sayansi, na kila aliyewahi kukata paja la mbuzi anaujua kwa macho, maana ni ile sehemu inayong'aa karibu na kifundo ambayo kisu hukwama na jino hushindwa. Mchanganyiko huo wa majina si jambo dogo, kwa sababu mtu anayeambiwa kwamba mshipa wake umeshtuka huenda kutafuta mtu wa kuunyoosha, ilhali katika maumivu ya kano yanayotokana na kazi ya kurudiarudia hakuna kilichopinda wala kilichohama mahali pake.

Kano hujengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizolazwa sambamba na kufungwa pamoja mfano wa kamba ya katani, ambapo nyuzi ndogo hufanya kitita, vitita hufanya kitita kikubwa zaidi, na vyote huvikwa utando mwembamba. Mpangilio huo ndio unaoiwezesha kano ya Akile, yaani ile iliyo nyuma ya kifundo cha mguu inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, kubeba mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa kila hatua mtu anapokimbia. Hata hivyo, kano ina seli chache na damu kidogo ikilinganishwa na msuli, na kwa hiyo ukarabati wake huenda polepole. Watafiti wa Denmaki walionyesha jambo hilo kwa njia ya kipekee mwaka 2013, walipopima ndani ya kano za Akile kiasi cha kaboni 14, ambayo iliongezeka hewani kwa sababu ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Waligundua kwamba kiini cha kano hiyo hujengwa katika miaka 17 hivi ya kwanza ya maisha ya mtu, na baada ya hapo karibu hakibadilishwi tena.

Kila kazi nzito huvunja kolajeni kidogo na wakati huohuo huziamsha seli za kano zijenge nyingine, isipokuwa mambo hayo mawili hayaendi kwa mwendo mmoja. Katika saa 24 hadi 36 za kwanza uvunjaji hushinda ujenzi, kisha ujenzi huchukua nafasi yake na kuendelea kwa siku kadhaa, hivyo kano inayopewa mzigo mkubwa tena na tena kabla ya zamu ya ujenzi kufika hubaki na deni ambalo huongezeka kila siku. Ndiyo sababu kinacholeta ugonjwa huu mara nyingi si ugumu wa kazi wenyewe bali ni badiliko la ghafla. Dobi aliyefua kila siku kwa miaka 10 anaweza asiumwe chochote, wakati mtu wa ofisini aliyefua na kukamua mapazia ya nyumba nzima katika wikiendi moja kabla ya Idi akashindwa kuinua birika Jumatatu. Fundi cherehani huumia Januari, sare za shule zinapomiminika kwa pamoja, na mkulima huumia katika palizi ya kwanza baada ya miezi ya jembe kukaa pembeni.

Hospitalini hali hii huandikwa tendinaitisi, jina ambalo mwisho wake hudokeza uvimbe wenye joto unaosababishwa na seli za kinga ya mwili. Jina hilo limeleta ubishi wa muda mrefu. Giancarlo Puddu na wenzake wa Italia walipendekeza mwaka 1976 neno tendinosisi, lenye maana ya kuchakaa kwa kano, na mwaka 1979 daktari mpasuaji wa Marekani Robert Nirschl akaeleza kwamba tishu alizozitoa katika viwiko vya wagonjwa zilionyesha nyuzi zilizovurugika na vijishipa vya damu vilivyoota ovyo, kinyume na picha ya uvimbe wa kawaida. Mwaka 2002 Karim Khan na wenzake waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, wakitaka jina la tendinaitisi liachwe kabisa. Huenda walivuka mpaka kidogo, kwa kuwa tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba seli za kinga zipo, hasa mwanzoni mwa ugonjwa, na leo wataalamu wengi hutumia neno pana la tendinopathia ambalo halimbani msomaji upande wowote. Kwa mgonjwa, maana ya ubishi huo ni moja tu: kidonge cha kupunguza uvimbe kinaweza kutuliza maumivu, lakini hakipangi upya nyuzi zilizovurugika.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa kiwiko. Ugonjwa wake umebatizwa jina la mchezo wa tenisi, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Kano inayoumia ni ile iliyojishikiza kwenye kinundu cha mfupa upande wa nje wa kiwiko, ambayo hufunga misuli ya kuinua kiganja kwenye mfupa huo, na ambayo hufanya kazi kila mara mtu anapokunja ngumi kwa nguvu, kwa kuwa bila misuli hiyo kifundo cha mkono kingejikunja na mshiko ungelegea. Hivyo anayekuna nazi juu ya mbuzi, anayekamua shuka, anayepiga nyundo na anayefyeka kwa panga wote huitumia kano hiyohiyo, na dalili zake hujitokeza katika mambo madogo kama vile kumimina chai, kupeana mkono au kufungua mfuniko wa chupa.

Hapa ndipo sindano ya steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe, inapohitaji kutazamwa kwa uangalifu. Jaribio lililofanyika Brisbane, Australia, na kuchapishwa mwaka 2013, liliwahusisha wagonjwa 165 wa kiwiko, na baada ya mwaka mmoja asilimia 83 ya waliochomwa steroidi walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 96 ya waliochomwa maji ya chumvi yasiyo na dawa. Zaidi ya hayo, maumivu yaliwarudia asilimia 54 ya kundi la kwanza na asilimia 12 tu ya kundi la pili. Ni vigumu kumlaumu fundi anayeiomba sindano hiyo ili amalize kazi ya wiki hii, kwa sababu nafuu yake ya wiki za mwanzo ni ya kweli, lakini anastahili kuambiwa kwamba nafuu hiyo ni mkopo na kwamba riba yake ni kubwa.

Kwenye kifundo cha mkono hukumu ni tofauti. Kitabu cha anatomia cha Gray, katika toleo la 1893, kilitaja maumivu ya upande wa kidole gumba kwa jina la wanawake wafua nguo, na miaka miwili baadaye mpasuaji wa Uswisi Fritz de Quervain akayaeleza kwa kina hadi ugonjwa ukachukua jina lake. Kano mbili za gumba hupita kwenye njia nyembamba juu ya mfupa, na ala ya njia hiyo inaponenepa, kano hukwaruzana nayo kila gumba linaposogea. Mgonjwa anaweza kujipima kwa kukunja gumba ndani ya kiganja, kulifunika kwa vidole vinne na kuuinamisha mkono taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Uchungu mkali unaochoma juu ya mfupa wa upande wa gumba huashiria ugonjwa huo, japokuwa mvuto kidogo huweza kuhisiwa hata na mtu mzima wa afya. Wanaougua sana, pamoja na wafuaji, ni kina mama wenye watoto wachanga, ambao humwinua mtoto mara nyingi kwa siku kwa kumshika chini ya makwapa huku magumba yametanuliwa, na ambao hupata nafuu kwa kumchota mtoto kwa viganja vilivyotazama juu, mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya mgongo na shingo. Kifungio kinacholituliza gumba kwa wiki chache husaidia, na sindano ya steroidi ndani ya ala hiyo huponya wengi, maana hapa tatizo kuu ni ala iliyobana kuliko nyuzi zilizochakaa.

Kwa kano nyingine, tiba yenye ushahidi mzuri ni ileile inayoogopwa na wagonjwa wengi, yaani mzigo, ila uwe wa kipimo. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Umeå, Sweden, waliwapa wakimbiaji 15 waliokuwa wakiumwa kano ya Akile zoezi la kusimama kwa vidole vya miguu kwenye ukingo wa ngazi na kushusha kisigino cha mguu mgonjwa polepole hadi chini ya ukingo, kisha kujiinua kwa mguu mzima. Zoezi lilifanywa goti likiwa limenyooka na tena likiwa limekunjwa, raundi 3 za mara 15 kwa kila mkao, asubuhi na jioni, jumla ya mara 180 kwa siku kwa wiki 12, na wote 15 walirudi kukimbia. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba mazoezi mazito zaidi yanayofanywa polepole mara 3 kwa wiki huleta matokeo yanayokaribiana na hayo kwa muda mfupi zaidi wa mazoezi, habari njema kwa mtu asiye na nafasi. Anayeumwa pale hasa kano inapojishikiza kwenye mfupa wa kisigino hapaswi kukishusha chini ya ukingo, kwa kuwa mkao huo huibana kano dhidi ya mfupa.

Kwa kiwiko, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyojazwa maji, yenye uzito wa karibu nusu kilo, inatosha kuanzia. Mgonjwa hulaza kigasha juu ya meza, kiganja kikitazama chini na kuning'inia nje ya ukingo, huuinua mkono ulioshika chupa kwa msaada wa mkono wa pili, kisha huushusha peke yake huku akihesabu polepole hadi nne. Akifikia raundi 3 za mara 15 bila taabu, maji hubadilishwa na mchanga, ambao ni mzito zaidi, na baadaye chupa kubwa huchukua nafasi ya ile ndogo. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Kipimo ni kesho yake asubuhi, kwa maana maumivu yakiwa yamerudi kama yalivyokuwa kabla ya zoezi, mzigo ulikuwa sawa, na yakiwa yamezidi, mzigo upunguzwe badala ya mazoezi kuachwa. Mapumziko kamili ya wiki nyingi hutuliza maumivu lakini huidhoofisha kano na msuli wake, kisha kazi inaporejea kwa nguvu ileile ugonjwa hurejea pamoja nayo.

Kuhusu kuchua, kuumika na kukanda kwa maji ya moto, hakuna sababu ya kuyapiga marufuku mambo yanayompa mtu faraja, mradi yasichukue nafasi ya mazoezi na mchuaji asikandamize kwa kidole gumba pale penye uchungu, kwani kufanya hivyo ni kuongeza mzigo juu ya mzigo. Jeli ya diklofenaki inayopakwa kwenye ngozi ni salama kuliko vidonge vyake, ambavyo vikimezwa kwa wiki nyingi huweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Mtu ambaye riziki yake iko mikononi naye hawezi kuambiwa aache kazi, bali anaweza kuigawa: kukuna nazi mbili asubuhi na mbili jioni badala ya nne kwa mpigo, kuzungushia shuka zito kwenye nguzo na kulisokota kwa uzito wa mwili badala ya vifundo vya mikono, au kuliacha lichuruzike kwenye kamba bila kulikamua.

Zipo hali ambazo si za kungojea mazoezi. Kidole kilichochomwa na mwiba au sindano kisha kikavimba chote, kikawa cha moto na kisichonyooka, kinaweza kuwa na usaha ndani ya ala ya kano na kinahitaji hospitali siku hiyohiyo. Ganzi ya vidole usiku huelekeza kwenye neva. Na mlio wa ghafla nyuma ya mguu, ambao wagonjwa husema ni kama kupigwa teke na mtu asiyeonekana, ukifuatiwa na kushindwa kusimama kwa vidole, ni dalili ya kano ya Akile iliyokatika. Tukio hilo la mwisho lina mchochezi mmoja unaouzwa karibu kila duka la dawa, nao ni siprofloksasini, antibayotiki ambayo wengi huinunua bila cheti kwa homa ya matumbo au maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kundi hilo zibandikwe onyo kali kwamba huweza kuvimbisha na kukata kano, hasa kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na wanaotumia steroidi. Anayeitumia akaanza kuumwa nyuma ya kisigino aache kukimbia na kubeba mizigo siku hiyohiyo, na arudi kwa daktari kabla ya kumeza kidonge kinachofuata.