Mtoto anasoma au amekariri? Mpime kabla hujamwita mzito

Jioni mwanao wa darasa la pili anakuletea kitabu na kukusomea ukurasa mzima bila kukwama. Unafurahi. Sasa funika picha, weka kidole kwenye neno moja katikati ya mstari, mwambie asome hilo tu. Akinyamaza, au akirudi kuanza juu ili alifikie, ujue alikuwa anakariri walichokuwa wakiimba wenzake darasani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa binti wa jirani yangu. Darasa lao ni la watoto wengi, vitabu ni vya kugombania, na wakisoma kwa pamoja sauti yake ilimezwa na za wenzake. Siku walipoambiwa wasome mmoja mmoja, ikaonekana hajui. Akaitwa mvivu, na fimbo zikafuata. Ni baada ya miezi mingi ndipo alipofikishwa kliniki ya macho: alikuwa haoni mbali. Herufi zilifundishwa ubaoni, na ubaoni yeye aliona ukungu tu.

Ndiyo maana kupima usomaji darasani si suala la alama tu, ni suala la afya pia. Tathmini za Uwezo, ambazo tumezizoea Afrika Mashariki, humpima kila mtoto peke yake, kuanzia vipande vidogo na maneno hadi hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Upimaji mwingine humpa mtoto dakika moja asome kadiri awezavyo, kisha humuuliza maswali kuhusu alichosoma. Humo huwekwa hata maneno ya kubuni yasiyo na maana, kama "fedu" au "lopi". Watoto huyacheka, lakini neno la namna hiyo halikaririki. Anayelisoma anajua kuunganisha sauti.

Mwalimu, usiishie kuandika "hajui". Angalia anakosea wapi, maana makosa yenyewe hueleza mengi.

Mtoto anayesoma vizuri kitabu kikiwa mkononi lakini ananakili ubao kwa makosa, au anachungulia daftari la jirani, huenda haoni mbali. Anayeona ubao sawasawa lakini kitabu kinamuumiza kichwa na kumtoa machozi, naye apimwe macho. Kwenye imla, anayeandika "papa" badala ya "baba", au "fua" badala ya "vua", huenda hasikii vizuri. Nta iliyoziba au masikio yanayotoa usaha mara kwa mara vinatosha kumfanya akose sauti hizo, na vinatibika. Ila kumbuka lugha ya nyumbani: kuna watoto ambao kwao sauti hizo hazitofautiani, na hao hawaumwi kitu.

Yupo pia anayeona na kusikia vizuri, mchangamfu wa kusimulia, lakini kusoma kunamshinda. Huenda ana disleksia, yaani ubongo wake unapata shida kuoanisha herufi na sauti. Haihusiani na akili ndogo, na mara nyingi hurithiwa. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, hivyo mtoto wa aina hii anaweza kutamka kila neno sawasawa lakini polepole mno, hata afikapo mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Ukihesabu makosa tu, utamwona yuko sawa. Tazama na saa.

Na wazazi wengi hunijia na hofu ya "b" na "d". Kuzichanganya akiwa na miaka sita au saba ni jambo la kawaida, peke yake si ugonjwa.

Mzazi, ukiitwa shuleni, omba kujua mwanao anakwama kwenye herufi, silabi, maneno au kuelewa habari. Anza na macho na masikio katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na uende na daftari lake la imla. Mweleze mhudumu pia kama mtoto husinzia darasani au huondoka nyumbani bila kula, kwani njaa, minyoo na upungufu wa damu humfanya ashindwe kutulia kwenye maandishi.

Binti wa jirani sasa ana miwani na anakaa dawati la mbele. Bado yuko nyuma ya wenzake, kwa sababu miwani haikumrudishia mwaka alioupoteza. Kila jioni anasoma na kaka yake, silabi kwa silabi, dakika kumi na tano. Wiki iliyopita alinisomea maandishi ya kwenye mfuko wa unga.