Kazi Yangu ni Kuwindisha Elki, Lakini Si Kila Nyama Naila

KILA nirudipo Lamu, wazee wa barazani huniuliza suali lile lile: "Mwanangu, huko Marekani wafanya kazi gani?" Nikiwajibu kwamba naendesha nyumba ya wawindaji milimani, huguna. Tangu mwaka 1977, Serikali yetu ilipopiga marufuku uwindaji, wamezoea kusikia neno hilo likitajwa pamoja na mahakama. Basi leo, msomaji mpenzi, nimeona nieleze kazi yenyewe ilivyo, na jambo moja lililonitia tumbojoto ndani yake.

Nyumba yetu ni ya magogo, ina vitanda kumi na viwili, nayo iko nje ya mji mdogo wa Meeker, katika jimbo la Colorado, chini ya milima iitwayo Flat Tops. Jina la mji huo huenda likawa geni kwenu, lakini mgeni wake mmoja mwamjua. Theodore Roosevelt aliwinda huko mwanzoni mwa mwaka 1901, kabla hajawa Rais, na mwezi wa Aprili 1909 akashuka Mombasa kuanza ile safari yake kubwa ya kuwinda. Yeye alitoka huko akaja kwetu. Mimi nilitoka kwetu nikaenda huko kutafuta riziki.

Nilianza kama ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki walioko Colorado, kwa kukata nyama ya ng'ombe kiwandani. Mzee mmoja mwenye nyumba ya wawindaji akawa anatafuta mpishi wa msimu, nikaenda. Kumbe kilichompendeza zaidi si mapishi yangu. Aliniona nikimfunga nyumbu shogi, akashangaa. Hakujua kwamba mtoto wa Lamu hujua punda kabla hajajua gari. Na gari halipandi kule juu, kwani sehemu kubwa ya milima hiyo ilihifadhiwa kwa sheria mwaka 1975, na mizigo huchukuliwa na farasi na nyumbu. Mwaka wa nne, mzee akanishirikisha katika biashara.

MNYAMA MWENYEWE

Elki ni jamii ya kulungu, lakini dume lake hufikia kilo 300 na zaidi. Pembe zake zina matawi, humwanguka kila mwaka zikaota upya. Mwezi wa Septemba madume hulia mlio mwembamba kama filimbi, na bonde zima hujibu.

Colorado ina elki wengi kuliko jimbo lingine lolote la Marekani. Hata hivyo, mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa karibu kwisha kwa kuuawa ovyo, ikabidi waletwe wengine kutoka Wyoming. Ndiyo maana sheria ni kali. Kila kibali ni cha mnyama mmoja. Aliyezaliwa tangu 1949 hapati kibali mpaka awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Msimu wa bunduki kila mwindaji huvaa kizibao cha rangi ya machungwa au ya waridi inayowaka, asije mwenziwe akamdhania mnyama. Na atakayechukua pembe akaitupa nyama, atashitakiwa.

USIKU ULE

Alikuwako mgeni mmoja aliyetuletea wenzake watano kila mwaka. Jioni moja, jua likichwa, alimpiga dume. Mnyama akayumba, akaingia msituni. Tukaona damu juu ya theluji. Bwana yule akasema baridi imezidi, turudi tukalale, kesho atafutiwe mwingine.

Nikamwambia, "Bwana, elki wako ni yule. Hatuna mwingine."

Akanikumbusha nani anayelipa. Nami kwa hakika niliogopa, maana vitanda sita ni nusu ya nyumba. Lakini chuoni kwetu tulifundishwa kwamba mnyama ana haki juu ya anayemwua, na kumwacha akiteseka usiku kucha ni dhuluma. Nikawasha tochi nikafuata damu. Naye, kwa kuogopa kubaki peke yake gizani, akanifuata.

Saa tisa za usiku tukamkuta amelala chini ya miti, angali hai. Mgeni akammaliza kwa risasi. Kulipokucha akataka kichwa tu, kwamba nyama haina nafasi katika ndege. Nikamweleza sheria. Tukampasua tukampakia nyumbu, na mgeni akaandika karatasi ya kuwapa nyama jirani zetu.

Aliondoka bila ya kuaga. Mwaka uliofuata vitanda sita vilikuwa vitupu. Mzee hakunilaumu, alifungua daftari, akafuta majina yale, kisha tukauza farasi wawili ili tuvuke baridi.

JE, WEWE WAILA?

Hilo ndilo suali la pili la wazee wangu. Nyama ya usiku ule sikuionja. Wageni hupiga bila ya kumtaja Mwenyezi Mungu, nami huwapikia chakula chao na kujipikia changu. Kuhusu risasi, maulamaa wametofautiana. Wengi wa siku hizi wameikubali kwa kuwa hupenya, ikiwa mpigaji amepiga kwa Bismillahi. Mimi nimejichukulia njia ya tahadhari. Kila Novemba, wageni wakisha kuondoka, hupanda na kibali changu. Husogea karibu, hupiga kwa Bismillahi, na humkimbilia na kisu nimchinje angali na uhai. Nikimkuta amekwisha kufa, nyama huwapa jirani zangu. Miaka miwili nimerudi bila ya kitoweo.

Lakini mwaka ninaojaaliwa, sarara yake huwa pilau, na mzee, ambaye dini yake si yangu, hungojea sahani yake tangu asubuhi.

Kwa hivyo, wazee wangu, kazi yangu ndiyo hiyo. Ina halali yake na ina mitihani yake. Wallahu aalam.