Mjane tunamjua, na mgane ni nani?



Mwanamke akifiwa na mume, jina lake linajulikana siku hiyo hiyo: mjane. Mwanaume akifiwa na bibi yake, tunasema tu "yule baba aliyefiwa na bibi". Tuliwauliza wanafunzi wa darasa la sita neno moja la kumwita mtu huyo. Wengine wakasema "mjane mwanaume", mmoja akajaribu Kifaransa, wengi wakanyamaza.

Neno lipo. Katika Kiswahili cha kamusi ni mgane, na wakiwa wengi ni wagane. Linatofautiana na mjane kwa herufi moja tu, kwa hiyo sikio hulipoteza upesi.

Neno ambalo asili yake inaonekana wazi ni mfiwa. Linatoka katika kufa: mtu anakufa, anamfia mwenzake, na yule mwenzake amefiwa. Mfiwa anaweza kuwa mama, mtoto, kaka au mume. Matanga yakiisha, neno hilo nalo linaondoka. Mjane linabaki na mwanamke miaka na miaka, mpaka aolewe tena.

Waganda wamegawa sawa: nnamwandu ni mwanamke, ssemwandu ni mwanaume. Kwa Kifaransa neno la mwanamke ndilo lililotangulia, na la mwanaume limetolewa humo baadaye. Hatushangai. Aliyewekewa sharti ndiye aliyehitaji jina. Kwa wenzetu Waislamu, ambao hapa Kasongo ni wengi tangu zamani za Tippu Tip, mwanamke aliyefiwa anakaa eda miezi minne na siku kumi, na watu wa pwani humwita kizuka. Mume hana eda. Na kanisani, tukisikia "wajane na yatima", sote tunawaza wanawake.

Sheria ya familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, inasema kwa namna nyingine. Inamtaja mwenzi aliyebaki, awe mume au mke, na inampa haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyoishi pamoja.

Hatusemi mgane anateswa kama mjane. Ni mara chache ndugu za marehemu kumnyang'anya mwanaume shamba na sufuria zake. Lakini kuna watoto. Baba mmoja wa huku kwetu, bibi yake alifariki siku chache baada ya kujifungua. Kichanga kilipelekwa kwa nyanya yake. Binti mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, akaanza kufika masomoni saa ya pili imekwisha, maana alikuwa kwanza achote maji, atwange sombe na kuwaogesha wadogo zake. Siku ya kugawa sabuni na madaftari, nyumba yao haikutajwa. Orodha ilikuwa imeandikwa "watoto wa wajane", na aliyeiandika hakuwa na ubaya wowote: aliandika neno analolijua.

Tunasikia wamama wakisema, "Huyo ataoa mwingine kesho." Wengine wanaoa kweli, na upesi. Ila mama wa kambo anaweza kukuta watoto wamekwisha kutawanywa, huyu kwa shangazi, yule kwa mjomba, na kuwarudisha pamoja ni kazi ngumu kuliko kuwashika mapema.

Katika daftari letu la darasa tumefuta "mtoto wa mjane" na kuandika "mtoto wa mjane au wa mgane". Vikundi vinavyotaka kufanya hivyo havihitaji karatasi mpya. Mstari mmoja unatosha kwa kila nyumba: jina la mzazi aliyebaki, watoto ni wangapi, wanalala kwa nani, na nani anawapikia.